Jinsi ya Kuijenga Kilwa Kisiwani kwenye Civilization VI

Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ya dunia unayoweza kuyajenga kwenye Civilization VI, ile gemu ya mikakati ambayo mchezaji huanza na mji mmoja katika zama za kale na kuuendesha hadi enzi za roketi. Toleo la msingi la mwaka 2016 halina Kilwa. Iliingia na nyongeza ya Rise and Fall iliyotoka Februari 2018, kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta kitufe ambacho hakipo, hakikisha nyongeza hiyo unayo. Usiinunue kwa bei kamili. Gemu imezeeka, na vifurushi vyenye nyongeza zote pamoja hushuka bei sana nyakati za punguzo.

Wachezaji wengi huipita Kilwa bila kuitazama mara mbili. Ukijenga Piramidi unapewa fundi wa bure papo hapo, faida unaiona kwa macho. Kilwa inakupa wajumbe watatu na maelezo marefu yenye asilimia ndani yake, na mtu aliye katikati ya vita hana muda wa maelezo marefu. Hasara ni yao. Kwa anayejua kuitumia, hili ni mojawapo ya maajabu yenye nguvu kuliko yote ya zama za kati.

Anza na ardhi. Kilwa hukubali kigae tambarare cha ramani kinachopakana na maji ya pwani. Kilima hakifai, na kigae cha bara ndani hakifai. Sharti hili linaonekana jepesi mpaka pale mji wako unapokuwa umekwisha kujaza ufuko wote kwa mtaa wa biashara, kampasi na mashamba. Ukishauasisi mji wa pwani tu, weka alama ya pini kwenye kigae kimoja tambarare kando ya bahari na usikiguse tena. Bandari haitakusumbua, maana yenyewe hujengwa majini.

Kishawishi cha kutafuta kisiwa kidogo ili Kilwa ya gemu ifanane na ile halisi iliyo kisiwani ni kikubwa. Kishinde. Kisiwa kitakupa picha nzuri na uzalishaji wa kusikitisha. Chagua mji wa pwani ya bara kuu wenye vilima vya kuchimba nyuma yake na msitu karibu, kwa sababu ajabu hili linagharimu alama 710 za uzalishaji kwa kasi ya kawaida ya mchezo, na mji wenye nguvu ndogo utajenga mpaka zama zibadilike.

Teknolojia inayoifungua inaitwa Machinery. Ukimiliki wapiga mishale watatu unapata msukumo unaofupisha utafiti wake, nao ni askari ambao ungewahitaji hata hivyo, kwa hiyo waandae mapema. Kwenye kadi za sera, tafuta Gothic Architecture, ambayo huongeza asilimia 15 kwenye ujenzi wa maajabu ya zama za kati. Mhandisi Mkuu anayeitwa Isidore wa Miletus ana nafasi mbili za kusukuma ujenzi wa ajabu. Ukimpata, usimmalize kwenye jambo jingine. Tena kuna misitu. Mafundi wakiukata msitu, uzalishaji wake huingia mjini mara moja, na kama gavana Magnus yupo katika mji huo, mavuno yanaongezeka kwa nusu. Subiri mpaka ujenzi uwe umekwisha kuanza, ndipo ukate.

Ufaransa ina unafuu wa asilimia 20 kwa maajabu ya zama za kati hadi za viwanda, hivyo ni chaguo rahisi kwa anayejifunza. Ngazi ya ugumu iwe Prince, ambako kompyuta haipendelewi wala wewe hupendelewi. Kwenye ngazi za juu wapinzani hujenga haraka, na ajabu hujengwa mara moja tu duniani: mwenzako akimaliza kabla yako, Kilwa imekwenda.

Sasa wale wajumbe. Ramani ya gemu ina miji-dola, yaani miji midogo inayojitegemea isiyokuwa ya mchezaji yeyote. Ukiupelekea mji-dola wajumbe wasiopungua watatu, na wakazidi wa kila mchezaji mwingine, unakuwa mwenye himaya juu yake. Kwenye skrini utaona neno Suzerain. Kwa hiyo wajumbe watatu wa Kilwa wanatosha kuuchukua kwa pigo moja mji-dola ambao hakuna aliyeujali. Usiwatumie hivyo bila kufikiri. Kabla ujenzi haujakamilika, fungua orodha ya miji-dola na utafute ule ambao mpinzani anakuzidi kwa mjumbe mmoja au wawili, hasa ukiwa wa aina inayokufaa. Hapo wajumbe wako wanafanya kazi mbili: wanakuingiza wewe na kumtoa yeye.

Aina ndiyo kiini cha jambo. Ukiwa na himaya juu ya mji-dola wa sayansi, mji uliojenga Kilwa unaongezewa asilimia 15 ya sayansi yake. Ukiwa wa utamaduni, asilimia hizo zinakwenda kwenye utamaduni, na kadhalika. Lakini ukishika miji-dola miwili ya aina moja, nyongeza nyingine ya asilimia 15 inaenea katika miji yako yote. Hapa ndipo wengi hukosea: wanatawanya wajumbe, mmoja huku, wawili kule, wakidhani wanajenga urafiki na dunia nzima. Amua mapema unataka ushindi wa namna gani. Kama ni wa sayansi, ishike Geneva na Hattusa, na mingine isubiri. Gavana Amani anaweza kupelekwa kwenye mji-dola na kuhesabiwa kama wajumbe wawili; mpeleke huyo kwenye mji wenye ushindani mkali. Ukicheza Ugiriki ya Pericles, kila himaya inakuongezea utamaduni juu ya ule wa Kilwa, na mambo yanakuwa matamu.

Halafu linda ulichonacho. Kilwa haikusaidii kitu kama miji-dola yako imetekwa, na kompyuta hupenda sana kuiteka. Weka kikosi kimoja au viwili karibu na ule unaoutegemea zaidi. Ninaona gemu hapa imegusa ukweli wa historia zaidi ya ilivyokusudia: nguvu ya Kilwa ilisimama juu ya mahusiano na miji mingine ya pwani, na Wareno wa Francisco de Almeida walipofika mwaka 1505 na kuupora mji, hawakukuta dola yenye jeshi kubwa la kuwazuia.

Hata hivyo, gemu imeacha mengi nje, na mchezaji wa huku kwetu ana haki ya kuhoji. Dhahabu iko wapi? Utajiri wa Kilwa ulitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu ya nyanda za Zimbabwe iliyoshuka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, na kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Mji ulikuwa na sarafu zake wenyewe za shaba. Kwenye gemu, Kilwa haikuletei hata senti moja usiposhika mji-dola wa biashara. Dawa yake ni kujenga pia Zimbabwe Kuu, ambayo nayo imo kama ajabu: huongeza njia moja ya biashara na dhahabu kwenye misafara yako. Inataka kigae kinachopakana na ng'ombe na pia mtaa wa biashara wenye soko, basi panga mji huo mapema. Mpangilio wa miaka tu ndio umepinduka. Gemu inaiweka Zimbabwe Kuu baada ya zama za kati, wakati kwa kweli ilistawi enzi moja na Kilwa na kupungua nguvu katika karne ya 15.

Zanzibar nayo imo, kama mji-dola wa biashara, na mwenye himaya juu yake hupata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hazipatikani kwa njia nyingine. Ni faida kubwa kwa furaha ya wananchi wako, chukua. Ila usimwachie mtoto aamini kwamba karafuu ilikuwa Zanzibar tangu enzi za kale; ilistawishwa huko katika karne ya 19.

Ukimaliza ujenzi, tazama ile filamu fupi ya ajabu likiinuka, kisha sogeza kamera karibu na ulichunguze jengo. Andika kila unachokiona, iwe ni kuba, matao, ua au bwawa. Orodha hiyo itakufaa siku utakapokwenda kwenye magofu yenyewe, ambayo UNESCO iliyaandika kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Songo Mnara. Gemu inainua kila kitu kwa mara moja. Kilwa halisi ilijengwa kwa karne nyingi, na tofauti hiyo inaonekana kwa macho kama unajua pa kutazama.

Safari huanzia Kilwa Masoko, kusini mwa Dar es Salaam kwa barabara ya Lindi. Kibali kinatolewa hapo Masoko, ndipo unavuka kwa mashua hadi kisiwani. Nenda asubuhi na uchukue mwongozaji. Unaposhuka unakutana kwanza na Gereza, ngome ya ufukweni. Asili yake ni ya Wareno, lakini sehemu kubwa ya unachokiona ni ya enzi za Waomani. Usimalize nguvu zako hapo. Nenda Msikiti Mkuu na umwombe mwongozaji akuonyeshe upande wa kaskazini, ulio wa karne ya 11, kisha ukumbi mkubwa wa kusini wenye kuba, uliopanuliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Tafuta mahali sehemu hizo mbili zinapokutana. Kuta zote ni matumbawe na chokaa. Sogea uone vipande vya matumbawe vilivyochongwa.

Husuni Kubwa, kasri la sultani huyohuyo, liko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya genge linaloitazama bahari. Watu waliochoka huruka sehemu hii, na ndiyo wasiyopaswa kuiruka. Lina vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo akiwa madarakani, akausifu mji kwa uzuri wake lakini akaandika kwamba nyumba zake ni za miti. Wanahistoria wamejadiliana sana juu ya maneno hayo. Toa ile orodha uliyoiandika mbele ya skrini, weka tiki kwenye vilivyopo, na ongeza vile ambavyo gemu haikuvionyesha. Chukua maji ya kutosha, kwani njia ya kwenda Husuni ina jua kali, na elewana na mwenye mashua saa ya kurudi kabla hujashuka.