Kupanda Kilimanjaro kwa Bajeti Ndogo: Kipi Ununue, Kipi Ukodi

Watanzania wengi wenye hamu ya kufika Uhuru, mita 5,895, hukatishwa tamaa na bei za dukani kabla hata hawajaliona geti la Marangu. Kijitabu hiki ni chao. Vifaa vya bei mbaya si sharti la kupanda mlima, ila vipo vichache ambavyo havitaki ubahili.

Anza na miguu. Buti za mtumba, kama zile za soko la Memorial mjini Moshi, mara nyingi ni imara kuliko buti mpya za bei ya chini, lakini zikague. Kunja kiatu pale vidole vinapokunjikia, kisha bonyeza soli kwa kidole gumba. Ukiona mipasuko midogo, au soli inamung'unyuka kama biskuti, achana nazo hata kama ngozi inang'aa. Soli za povu huoza zenyewe zikiwekwa miaka mingi, na hubanduka ukiwa njiani. Vaa buti jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, pamoja na soksi nene. Vidole visiguse mbele, kwa sababu kuteremka ndiko kunakong'oa kucha. Zizoee kwa wiki kadhaa kabla ya safari.

Linalofuata ni baridi ya usiku. Safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku, na huko juu baridi huweza kupita nyuzi 10 chini ya sifuri. Mfuko wa kulalia unaohimili hali hiyo ni ghali, nawe huenda usiuhitaji tena, kwa hiyo ukodi Moshi. Ufungue wote, jaribu zipu, uinue kwenye mwanga uone sehemu zilizobaki tupu. Wenye manyoya ya bata ni mwepesi lakini ukilowa haukupi joto.

Kwenye nguo ndiko pa kuokoa pesa. Usivae pamba: ikilowa jasho haikauki upesi, na juu ya msitu unyevu huo ni hatari. Jezi ya mpira ya poliesta inafanya kazi ileile ya fulana ya duka la watalii. Koti la mvua limwagie maji nyumbani, uangalie mishono ya mabegani. Begi lako la siku linaweza kuwa la shule, mradi mikanda isikate mabega. Mzigo mkubwa anabeba mpagazi, na kikomo chake ni kilo 20.

Mpagazi naye hupigwa na baridi hiyohiyo. Shirika la KPAP mjini Moshi huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Mkiwa bado mjini, mtazame anayekubebea mzigo: kama hana buti wala koti, mwombe kiongozi wa msafara amtafutie kabla hamjaelekea getini.