Darasa la Mirathi: Mali ya Rafiki Aliyefariki Ikiwa Mkononi Mwako



Ndugu zangu, mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini Dzaleka, rafiki yangu aliyekuwa akiuza mitumba hapa Lilongwe aliniachia marobota yake niyauze taratibu. Kabla hatujafanya hesabu, alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Matanga hayajaisha, kaka yake alinitaka nimkabidhi pesa zote, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa familia. Mjane naye akanikumbusha maneno ambayo hata mimi niliyasikia: "Nikifa, vitu hivyo ni vya mama watoto." Moyo wangu ulikuwa upande wa mjane. Nikamwendea sheikh, naye akanionyesha kuwa wote watatu tulikuwa tumekosea.

Kwanza, nafasi ya rafiki. Rafiki si mrithi wala si kadhi. Ni mshika amana na shahidi. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamuru turudishe amana kwa wenyewe. Mwenye mali akifa, wenyewe ni wadai wake na warithi wake, si yule anayepaza sauti msibani. Ukimpa asiyestahiki, bado unadaiwa.

Pili, madeni. Aya ya 11 na ya 12 za sura hiyo hiyo zinatanguliza deni na wasia kabla ya mgawo. Mauzo yalifika kwacha 900,000, na mazishi yalikuwa yamegharimiwa kwa michango. Mfanyabiashara aliyemkopesha marobota alidai 80,000. Mjane alikuwa hajamaliziwa mahari yake, 100,000. Hili wengi tunalisahau: mahari isiyolipwa ni deni, si mirathi. Zikabaki 720,000.

Tatu, wasia. Maneno ya marehemu hayakuwa hiba, kwa sababu aliyafunga na kifo chake na hakumkabidhi mkewe kitu. Ulikuwa wasia, na Mtume (s.a.w.) amekataza wasia kwa mrithi, ila warithi wengine wakiridhia. Watoto wadogo hawana uwezo wa kuridhia, na hakuna awezaye kusamehe haki yao kwa niaba yao.

Nne, mgawo. Aliacha mke, mama, mtoto wa kiume na wa kike. Baba yake alishatangulia.

- Mke, thumni (1/8): 90,000
- Mama, sudusi (1/6): 120,000
- Mtoto wa kiume: 340,000
- Mtoto wa kike: 170,000

Kaka hakupata kitu, kwani mtoto wa kiume humzuia. Na sheria ya mirathi ya Malawi ya mwaka 2011 nayo imefanya kuwa kosa la jinai kuwanyang'anya mjane na watoto mali ya marehemu.

Tulikaa Dzaleka, mlangoni kwa mjane, karatasi mkekani. Kaka alinuna, lakini mwishowe alitia saini kama shahidi. Hisa za watoto tukaziandika peke yake. Kisha mama wa marehemu akamwachia mke wa mwanawe zile 120,000 zake. Yeye aliweza, kwa kuwa alitoa kilicho chake.

Ndugu yangu, kama unashika kitu cha mwenzako, au yeye anashika chako, andikeni leo mbele ya mashahidi wawili. Mwenye kumtakia mke wake mema ampe angali hai, na amlipe mahari yake.

Allah amrehemu rafiki yetu na atuwezeshe kutimiza amana. Wallahu a'lam.