Maudhui: Haki na Maadili ya Mhadhiri katika "Mapenzi ya Kifaurongo"

Unaposoma hadithi hii ya Kenna Wasike katika *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, macho hukimbilia penzi la Dennis na Penina. Usimsahau Dkt. Mabonga, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kivukoni. Ni msomi, lakini huwadharau wanafunzi wanaouliza maswali.

Watahiniwa wengi huandika, "Dkt. Mabonga ni mkali," wakaishia hapo. Hoja hiyo haijakamilika. Mwalimu anaweza kudai kazi nzuri, akakemea uzembe, na bado akatenda haki. Kosa la Dkt. Mabonga ni kumwaibisha mwanafunzi kwa kutojua, ilhali kutojua ndiko kulikomleta darasani.

Eleza pia ni nani anayeumia zaidi. Mtoto wa tajiri akikosa jibu darasani, huenda akalipata kwingine. Dennis ni mtoto wa vibarua. Tegemeo lake ni mhadhiri. Kwa hivyo dharau inayoonekana kuwaangukia wote sawa humlemea mnyonge zaidi.

Sasa lihusishe jambo hili na maisha yako. Tuseme unatoka Diani, na baada ya KCSE umejiunga na tawi la KMTC lililoko Msambweni kusomea uuguzi. Somo la leo ni kukokotoa kipimo cha dawa ya mtoto, nawe hujaelewa. Mhadhiri anayekaribisha maswali atakuokoa. Lakini ukinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, siku moja utasimama wodini mbele ya mtoto mgonjwa, ukikisia. Swali ulilolimeza litalipiwa na mtoto huyo.

Ndiyo maana haki darasani si hisani ya mwalimu. Kifungu cha 28 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kila mtu ana heshima ya kiutu, na ana haki ya heshima hiyo kulindwa. Mwanafunzi haiachi mlangoni anapoingia darasani.

Kumbuka: Katika jibu lako, taja tendo la mhusika, athari yake, kisha funzo. Usitoe sifa pekee.

Zoezi

1. "Kuuliza si ujinga." Thibitisha ukweli wa methali hii kwa kumrejelea Dkt. Mabonga. (alama 6)
2. Tofautisha ukali na dhuluma katika ufundishaji, ukirejelea hadithi. (alama 4)