Mpini wa Shoka: Jinsi ya Kuuchagua na Kuutia

Mvua za masika zikikaribia, wakazi wengi wa kaunti yetu huanza kusafisha mashamba, na mashoka yaliyolala darini tangu mwaka jana hushushwa. Chuma huwa bado kizima. Mpini ndio unaokuwa umelegea, umepasuka au umeliwa na bungua. Somo hili ni la mpini: wa kununua sokoni, wa kuchongewa na fundi, au wa kujichongea mwenyewe nyumbani.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, tulikuwa tukipasua kuni kwa mjomba, upande wa Ganze. Mpini ulikuwa mpya, umenunuliwa siku mbili kabla, umepakwa vanishi na unang'aa. Pigo la tatu au la nne, chuma kiliruka, kikapita juu ya kichwa cha dada yangu mdogo aliyekuwa akiokota vibanzi, kikajikita kwenye ukuta wa udongo wa jikoni. Hakuumia. Tulipoutazama mpini, ulikuwa umekatika shingoni, kwa mshazari, kama kalamu iliyochongwa. Mjomba alilaumu gogo. Miaka mingi baadaye, nikiwa karibu na maseremala, ndipo nilipoelewa kwamba gogo halikuwa na kosa. Mpini ule ulikuwa mbovu tangu siku ulipokatwa kwa msumeno, na ubovu wake ungeonekana kama mtu angejua pa kutazama.

Tazama nyuzi

Ubao ni fungu la nyuzi ndefu. Chukua fagio la chelewa lililofungwa vizuri ujaribu kulivunja katikati: ni kazi. Sasa zitenganishe chelewa moja moja: ni rahisi. Mti nao ndivyo ulivyo. Ni mgumu kukatika kwa kuvuka nyuzi zake, na mwepesi kuachana kati ya uzi na uzi. Kwa hiyo mpini ambao nyuzi zake zimelala kutoka kichwani hadi kitakoni utavumilia mapigo kwa miaka. Mpini ambao nyuzi zake zinatokea ubavuni utaachana pale pale zinapotokea, na mkato utakuwa wa mshazari kama ule wa mjomba.

Ushike mpini kwenye mwanga wa jua, uutazame ubavuni. Utaona mistari myembamba sana, kama michirizo ya sindano. Ufuate mmoja kwa ncha ya penseli. Ukitembea na mpini mwendo mrefu kabla ya kufika ukingoni, vyema. Ukitoka nje kabla hujafika shibiri mbili, mrudishie muuzaji mpini wake. Ugeuze utazame na ubavu wa pili, maana mpini unaweza kuwa mnyoofu upande mmoja na mbovu upande mwingine. Mistari isipoonekana, tia tone la wino wa kalamu kwenye ubao usiopakwa kitu: wino hukimbia kufuata nyuzi, na huonyesha zinakoelekea. Nyufa ndogo za kukauka nazo hufuata nyuzi, kwa hiyo ufa mdogo ulionyooka kitakoni unakupa habari njema kuliko vanishi inayong'aa.

Ndiyo sababu napendelea mpini usiopakwa chochote. Rangi na vanishi huficha fundo, ufa na matundu ya bungua, na pia husababisha malengelenge mkono ukianza kutoa jasho. Ikiwa hakuna mwingine dukani, omba ruhusa ukwangue kidogo kwa kisu.

Vitabu vingi vya nje hufundisha kutazama pete za mti kitakoni mwa mpini. Mafunzo hayo yalitoka katika nchi zenye majira ya baridi, ambako mti husimama kukua kila mwaka na kuacha pete inayoonekana wazi. Miti yetu mingi haina pete za wazi namna hiyo. Ukiziona, na mistari yake ielekee kutoka kisogo cha shoka hadi makalini. Usipoziona usihangaike, unyoofu wa nyuzi ubavuni ndio wenye uzito zaidi.

Swali moja la kumuuliza fundi linafaa kuliko mengi: gogo hili ulilipasua kwa kabari au ulilikata kwa msumeno? Kabari haiwezi kuvuka nyuzi, hufuata njia yake zenyewe. Kipande kilichopasuliwa kina nyuzi nzima toka mwanzo hadi mwisho. Msumeno hauna habari na nyuzi, hukata popote ulipoelekezwa. Mpini wa msumeno waweza kuwa mzuri, lakini lazima uukague.

Kagua pia fundo. Fundo shingoni, karibu na chuma, ni kasoro ya kuukataa mpini. Dogo karibu na kitako linavumilika. Na ikiwa mpini umetoka kwenye mti mwembamba mzima, ukiwa na moyo wa mti katikati kama utambi wa mshumaa, tarajia kupasuka ukikauka. Kwa jembe watu huutumia hivyo na huridhika. Kwa shoka, ni heri gogo nene lipasuliwe mara nne, na mpini utoke nje ya moyo.

Shoka la kienyeji ni habari nyingine. Lile halina tundu. Chuma chake kina mkia unaopenya kwenye kigongo cha mpini, na kila pigo huuzamisha zaidi. Hapo tunataka kigongo chenye nyuzi zilizosokotana, kama mahali tawi linapoungana na shina au shina na mzizi, kusudi mkia usikipasue. Shingo na sehemu ya kushika zinabaki kufuata kanuni ile ile ya unyoofu.

Mti gani?

Mpera ni mti ninaoupendekeza kwanza. Ni mgumu, unanyumbuka bila kuvunjika, na uko katika boma nyingi. Taabu yake ni kupata kipande kilichonyooka urefu wa kutosha. Mkone, ambao wazee wanaujua kwa fimbo na pinde, ni mzuri sana. Mchungwa na mlimau uliozeeka unafaa pia, hasa kwa vishoka vya mkono mmoja. Mvinje tunao kwa wingi kwa sababu ya nguzo za kujengea; una nguvu lakini ni mzito na hupenda kupasuka, kwa hiyo uukaushe polepole. Mkwaju ni mgumu na utakusumbua kuuchonga. Mkaratusi ukiwa mnyoofu na mkavu hufanya kazi, ila mara nyingi nyuzi zake zimejisokota kuzunguka shina. Mwarobaini nauachia majembe. Mwembe na mkorosho ni wa jikoni, si wa shoka.

Chagua mti wa shambani kwako au wa jirani aliyekubali. Msitu wa Arabuko-Sokoke, mikoko na misitu ya kaya inalindwa kisheria, na kaya kadhaa za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mpini mmoja hauhitaji kuingia huko. Tawi nene la mpera lililosimama wima laweza kukupa.

Ukavu

Mpini mbichi ukitiwa kwenye chuma leo, utakauka, utasinyaa, na baada ya wiki chache chuma kitacheza. Usitegemee macho peke yake. Tumia mizani ya duka: pima kipande, andika uzito juu yake, kipime tena kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka kadiri hewa ya kwenu inavyoruhusu. Kwa vipande vilivyokwisha kupasuliwa kazi hii ni ya miezi, si ya siku. Viweke kivulini penye upepo, mbali na ardhi, na upake miisho yake rangi iliyobaki au nta ili unyevu usitoke haraka huko na kuleta nyufa. Wazee walivitundika juu ya meko. Moshi huwafukuza bungua na joto hukausha taratibu, na sioni sababu ya kuiacha desturi hiyo. Menya gamba kwanza, na uondoe ubao mweupe wa nje kadiri unavyoweza, maana bungua huupenda huo.

Kuutia

Kwanza toa kisiki cha mpini wa zamani. Wengi huitupa shoka motoni mpaka mti uungue. Moto huo hulegeza chuma kilichofanywa kigumu kwa makusudi, na tangu siku hiyo makali hayakai hata ukinoa kila asubuhi. Toboa kisiki kwa keekee mara kadhaa, kisha kisukume nje kwa nyundo na kipande cha chuma.

Chonga kichwa cha mpini kidogo kidogo, ukijaribu kwenye tundu kila mara. Kinapokwaruzwa na chuma huacha alama; chonga palipo na alama tu. Kata mfereji kwa msumeno katikati ya kichwa, ukifuata urefu wa tundu, kina chake kiwe kama theluthi mbili ya kina cha tundu. Kwa shoka la mikono miwili, urefu wa futi mbili na nusu hadi tatu huwatosha watu wengi. Usiuache mnene ukidhani ndiyo nguvu: mpini mnene haunyumbuki, na mshtuko wote hurudi viganjani na mabegani.

Kuingiza, usigonge chuma. Shika mpini wima, chuma kikiwa chini kikining'inia hewani, ugonge kitako kwa nyundo ya mti. Chuma ni kizito, hubaki nyuma kila mpini unaposhuka, hivyo mpini huzama ndani yake. Mara ya kwanza utaona kama mazingaombwe. Endelea mpaka kichwa kitokeze kidogo upande wa pili, kisha tia kabari ya mti mgumu uliokauka, uigonge mpaka sauti ibadilike na ikatae kwenda. Matundu mengi ya shoka ni mapana zaidi upande wa juu, na kabari ndiyo inayoutanua mti uijaze nafasi hiyo. Msumari haufanyi kazi ya kabari, hupasua. Kipande cha tairi nacho hubonyea na kuachia.

Lililobaki ni zoea la karibu kila boma: shoka likilegea, linatumbukizwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kweli. Mti umevimba, lakini chuma hakikumpisha, kwa hiyo nyuzi za nje zimejibana na kupondeka. Jua likipiga, mti husinyaa kuliko ulivyokuwa jana. Mtu hulowesha tena, na kila mara mpini hupungua, mpaka siku chuma kinaruka kwa mtu aliyeamini kwamba limekaza. Shoka lililolegea litolewe kazini, kabari iongezwe au ibadilishwe, na kama kichwa cha mpini kimekwisha, tafuta mpini mwingine.

Kabla ya kuanza kazi, gonga kitako cha mpini chini mara mbili na utazame juu ya tundu. Kabari ikiwa imepanda, au kuna mwanya mpya kati ya mti na chuma, usianze. Waambie watoto waokote vibanzi ukishamaliza kupasua.

Mpini mzuri wa zamani, ule ulioukubali mkono wako, usiutie jikoni ukivunjika. Uuweke darini uwe kipimo cha fundi atakayekuchongea mwingine.