SOMO LA WANACHAMA: VANILA NA KARAFUU KATIKA MSHUMAA



Mshumaa wenye harufu ni kazi ya nyumbani inayomfaa sana mkulima wa karafuu baina ya msimu na msimu. Kazi hii haihitaji mtambo wala banda, na harufu moja katika zile zipendwazo na wanunuzi imo katika mashamba yetu wenyewe. Ya pili ni vanila. Mbili hizi zikichanganywa vizuri, hupatikana mshumaa wa kupendeza. Zikichanganywa ovyo, hupatikana mshumaa wenye rangi ya chai ya maziwa, wenye moshi na usio na harufu, na fedha ya nta na mafuta imekwenda bure. Shina la somo hili ni neno moja: mafuta ya mshumaa hayahukumiwi kwa pua kwenye mdomo wa chupa, bali kwa mizani na kwa moto.

1. Undugu wa vanila na karafuu

Kitu kinachoipa vanila harufu yake kubwa huitwa vanilini. Katika ganda la vanila lililokaushwa vizuri, vanilini ni kiasi cha 2 tu katika 100. Mwaka 1874, Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walifanikiwa kuitengeneza kutokana na maji ya mti wa msonobari. Baadaye viwanda vikaitengeneza kutokana na eujenoli, nayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Basi kwa miaka mingi vanila ya viwandani ilikuwa mtoto wa karafuu. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Marekani na Kanada vilianza kuipata katika mabaki ya kutengeneza karatasi, na siku hizi iliyo nyingi hutokana na mafuta ya petroli. Soko hilo la karafuu likapungua. Lakini undugu ule ungalipo, na ndiyo sababu harufu hizi mbili hupatana.

2. Namna za vanila zilizoko madukani

Ya kwanza ni vanila ya kupikia keki. Hii ina maji na spiriti, nayo haichanganyiki na nta. Hutuama chini ya mshumaa, na utambi ukiifikia hurusha cheche. Isitumiwe.

Ya pili ni maganda ya vanila yaliyolowekwa katika mafuta ya kula. Mafuta hayo huziba utambi, na harufu yake ni hafifu mno kwa kazi hii. Nayo isitumiwe.

Ya tatu ni mafuta ya manukato ya vanila yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Haya ndiyo yatufaayo. Mjue pia kwamba vanila haikamuliwi kwa mvuke kama tukamuavyo karafuu na makonyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa kubwa kwa bei ndogo na kusema ni mafuta halisi ya ganda la vanila, shika fedha yako kwanza.

3. Jinsi ya kuchagua

Muulize muuzaji mambo matatu kabla ya kulipa.

(a) Je, mafuta haya ni ya mishumaa? Mafuta ya kujipaka mwilini hayakutengenezwa kwa nta wala kwa moto.

(b) Yana vanilini kiasi gani? Kadiri vanilini inavyozidi, ndivyo harufu inavyokuwa nzito na tamu, na ndivyo mshumaa mweupe utakavyogeuka rangi ya maziwa, kisha ya kahawa. Iko pia ethaili vanilini, ambayo nguvu yake yazidi ile ya kawaida mara mbili au tatu. Nayo vilevile hugeuza rangi. Zipo dawa za kuzuia jambo hilo, lakini aghalabu huchelewesha tu. Ni heri kuutia mshumaa rangi ya udongo au ya kahawa tangu mwanzo kuliko kushindana nayo.

(c) Kiasi gani chaweza kutiwa katika nta? Karatasi ya muuzaji yapaswa kusema. Kwa kuanzia, gramu 6 za mafuta kwa gramu 100 za nta zatosha. Mtu akitia 10 badala ya 6, gharama ya mafuta imepanda kwa thuluthi mbili, na huenda harufu isizidi hata kidogo, kwani mafuta yasiyomezwa na nta hutoka jasho juu ya mshumaa.

4. Jinsi ya kuchanganya

Karafuu ina nguvu kuliko vanila. Ukitia nusu kwa nusu, mnunuzi atanusa karafuu peke yake na kukumbuka dawa ya jino. Karafuu yafaa iwe kama chumvi katika mchuzi.

Mafuta yenyewe nayo yana tofauti. Mafuta ya karafuu yenyewe ni matamu na laini zaidi. Mafuta ya makonyo ni makali na yana harufu ya mti. Ukitumia ya makonyo, punguza.

Fanya kwanza jaribio la karatasi, ambalo halili nta. Kata vipande vyembamba vya karatasi nyeupe. Tia tone 1 la karafuu kwenye kipande kimoja, na tone 1 la vanila kwenye kila kimoja cha vipande 9. Viweke vyote katika chupa yenye kifuniko, uiache mpaka kesho, kisha uifungue na kunusa. Fanya chupa ya pili yenye karafuu 2 na vanila 8. Waite watu watatu wanuse bila ya kuambiwa kilichomo, kwani pua ya mtengenezaji huchoka upesi.

Mchanganyiko ukikubalika, upime kwa mizani, wala si kwa kijiko. Kwa gramu 200 za nta, mafuta yote ni gramu 12. Tengeneza mishumaa mitatu:

Wa kwanza: vanila gramu 12.
Wa pili: vanila gramu 11, karafuu gramu 1.
Wa tatu: vanila gramu 10, karafuu gramu 2.

Nta iwe moja, utambi mmoja, kopo moja. Ukibadilisha mambo mawili kwa mara moja, hutajua lipi lililoleta kheri na lipi lililoharibu.

5. Kuyeyusha na kumimina

Weka nta katika chombo kikavu, na chombo hicho ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta juu ya moto wenyewe. Tumia kipimajoto. Nta ya parafini ikifika nyuzi 80 za sentigredi, iondoe motoni, utie mafuta na ukoroge polepole kwa dakika 2. Ikishuka karibu na nyuzi 70, mimina. Ukitumia nta ya soya, fuata karatasi ya muuzaji.

Usiwashe siku ile ile. Parafini ipumzike siku 3, soya wiki 2, ili mafuta yashikane na nta.

6. Kujaribu kwa moto

Kata utambi ubaki milimita 6. Washa mshumaa mahali pasipo upepo kwa saa 3 au 4, nawe uwe karibu. Angalia haya:

Nta iliyoyeyuka yapaswa kufika ukingoni. Isipofika, utambi ni mwembamba. Vanila nzito huziba utambi, hivyo mshumaa wa vanila mara nyingi huhitaji utambi mnene kuliko wa harufu nyingine.

Moto mrefu unaorukaruka na masizi kwenye kioo maana yake utambi ni mnene kupita kiasi.

Moto mdogo unaozama maana yake mafuta yamezidi au utambi hautoshi. Punguza mafuta kwanza, ujaribu tena.

Andika kila jaribio katika daftari: tarehe, uzito, utambi, na matokeo.

7. Tahadhari

Nta ikishika moto, usimwagie maji kabisa. Maji huirusha nta inayowaka. Funika sufuria kwa kifuniko na uzime jiko. Usiondoke jikoni nta ikiwa motoni.

Mafuta ya karafuu huunguza ngozi na macho. Vaa mipira ya mikono. Yahifadhiwe katika chupa ya kioo ya rangi ya giza, kwa kuwa hula baadhi ya plastiki, wala yasikae katika chombo cha chuma, maana hubadilika rangi. Yafungiwe mbali na watoto: kiasi kidogo tu kikinywewa chaweza kumdhuru mtoto vibaya.

8. Jina la bidhaa

Kwenye kibandiko andika kweli. Ikiwa vanila ni ya kiwandani, usiandike kwamba imetoka shambani. Andika: "Manukato ya vanila, pamoja na mafuta halisi ya karafuu." Hilo la pili ni letu, tena lina sifa. Mnunuzi akidanganywa mara moja, hatamlaumu muuzaji mmoja. Atalaumu karafuu ya kisiwa kizima.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini vanila ya keki haifai katika mshumaa?
2. Una gramu 500 za nta, nawe wataka gramu 6 za mafuta kwa kila 100. Utapima gramu ngapi? Ikiwa sehemu 1 katika 10 ni karafuu, karafuu ni gramu ngapi?
3. Mshumaa wako mweupe umegeuka rangi ya maziwa baada ya wiki mbili. Sababu ni nini, na utafanyaje safari ijayo?
4. Nta imeshika moto. Utafanya nini kwanza?

Majibu ya swali la pili ni gramu 30, na karafuu gramu 3. Mengine yamo katika somo. Asiyeyaona na arudie kusoma kabla ya kuwasha jiko.