Chapa si Nakala: Mwanagenzi katika Karakana ya Ughaibuni

Mwanagenzi anayeingia katika karakana ya chapa ng'ambo hukabiliwa na ugeni wa aina mbili: ugeni wa nchi na ugeni wa lugha ya kazi. Ule wa kwanza huzoeleka upesi. Huu wa pili ndio unaomhusu mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa anayerejea nyumbani na ujuzi usio na majina hawezi kuufundisha ila kwa kuazima lugha ya wenyewe. Makala haya yanauchunguza ugeni huo kwa kurejelea karakana moja mashuhuri, Atelier 17.

Karakana hiyo ilianzishwa mjini Paris na Mwingereza Stanley William Hayter mwaka wa 1927. Jina lake latokana na nambari ya jengo ilikohamia mwaka wa 1933. Wakati wa vita ilihamia New York, ikarejea Paris mwaka wa 1950. Humo hapakuwa na mhadhara. Wasanii wa mataifa mbalimbali walifanya kazi bega kwa bega, na mgeni alianza kwa bamba la majaribio, azijue zana kabla ya kuwaza picha.

Krishna Reddy (1925–2018), mchongaji wa sanamu kutoka India, aliingia humo katika miaka ya 1950 akiwa mwanafunzi. Baadaye akawa mkurugenzi mwenza. Yeye na wenzake waliendeleza mbinu ya kutoa rangi kadhaa kutoka bamba moja. Siri yake ni mnato. Bamba huchimbwa kwa vina tofauti. Wino uliozimuliwa kwa mafuta mengi hupakwa kwa rola ngumu, nayo hugusa sehemu za juu tu. Kisha wino mzito hupakwa kwa rola laini inayofika mabondeni. Unapopita juu ya ule mwepesi, hukataliwa. Rangi hukaa pamoja bila kuchanganyika.

Sasa, kinachotoka katika shinikizo kiitwe nini? Wengi watajibu haraka: nakala. Jibu hilo lapotosha. Nakala hudai kuwapo kwa asili, ilhali hapa asili haipo kwingine. Picha iliyo kwenye bamba imegeuzwa kama ya kiooni, wala haikukusudiwa kutazamwa. Karatasi iliyoandikwa 5/50 kwa penseli ni ya tano kati ya hamsini, na zote hamsini ni kazi asilia. Msanii anayeziita nakala huishusha thamani kazi yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Neno linalofaa lipo: chapa, ambalo lenyewe ni mhamiaji, maana lilitufikia kutoka lugha za India, kwao Reddy. Kweli, limebeba pia maana ya alama ya biashara na ile ya mifugo, lakini muktadha hutosha kutenganisha. Kuhusu kazi yenyewe, sarufi yatusaidia. Chapisha ni kauli ya kutendesha, na uchapishaji umeshika maana ya kutoa vitabu, ambako mara nyingi anayechapa ni mwingine. Msanii huchapa kwa mkono wake. Basi yake ni uchapaji.

Panahitajika pia kutofautisha aina mbili kuu. Pale wino unapokaa juu ya sehemu zilizobakizwa, kama katika ubao uliochongwa, yapendekezwa chapa ya mwinuko. Pale unapokaa ndani ya mistari iliyochimbwa, chapa ya mfuo. Toleo, kwa maana ya zile hamsini kwa pamoja, lina utata kwa sababu wachapishaji wa vitabu wamekwisha kulimiliki. Pengine fungu lingefaa zaidi.

Zana ndizo zenye mushkili mkubwa. Kabla ya kuunda maneno mezani, mtafiti angefanya vyema kwenda Lamu kwa mafundi wanaotia nakshi milango, akaorodhesha majina ya patasi zao, kubwa na ndogo, na ya kila aina ya mkato.