Ndoano za Matapeli, na Jinsi ya Kuziepuka

Mvuvi wa ndoano katika Ziwa Nyasa hamfuati samaki majini. Hutia chambo, kisha akangoja. Ndivyo afanyavyo tapeli wa siku hizi: huandika ujumbe mmoja, akaupeleka kwa maelfu ya watu kwa barua pepe au kwa simu. Wengi wataupuuza, lakini wachache wamtosha.

Ujumbe uliojulikana sana nchini mwetu ni mfupi mno: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hauna jina wala sababu. Mtu hunaswaje na maneno kama hayo? Katika maelfu waliopelekewa, hapana budi wapo ambao saa ile ile walikuwa wakijiandaa kutuma fedha: mkulima anayedaiwa mbolea, au mzazi anayedaiwa ada. Kwao ujumbe huo si mgeni. Basi anayenaswa si mjinga. Ni mtu mwenye haja, tena mwenye haraka.

Sisi wa bweni hatuna simu, na tapeli alijua hilo. Mwaka jana mama yangu alipigiwa simu na mtu aliyejiita mwalimu, akaambiwa kwamba nimeugua ghafula na fedha za matibabu zatakiwa upesi. Nami nilikuwa darasani, mzima kabisa. Mama alikwisha kuandika namba na kiasi. Ilibaki kutia namba ya siri. Ndipo alipouliza, "Mwanangu yuko kidato gani?" Simu ikakatika.

Dalili za ujumbe wa hila ni hizi:

Kwanza, hukuharakisha au hukutisha: akaunti itafungwa leo, zawadi itapotea.

Pili, huomba namba ya siri. Benki au kampuni ya simu iliyo ya kweli haiulizi namba hiyo.

Tatu, anwani yake si sahihi. Barua pepe yaweza kuvaa jina la ofisi kubwa. Wewe tazama anwani yenyewe, herufi kwa herufi. Anwani za serikali yetu huishia na "go.tz". Ikiwa maneno hayo yako katikati, kisha yakafuatwa na mengine, hiyo si ya serikali.

Ukiona dalili hizo, usibonyeze kiungo wala usiipigie namba uliyopewa. Kata simu, kisha piga namba ya shule au ya benki uliyokuwa nayo tangu zamani. Ujumbe wenyewe upeleke kwa namba 15040, iliyowekwa kwa kupokea habari za utapeli. Tusinyamaze kwa aibu, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu tapeli, si aliyetapeliwa.

Likizo ijayo, kila mmoja wetu awasomee wazazi wake somo hili, wakubaliane swali moja ambalo mgeni hawezi kulijibu. Mama yangu aliokolewa na swali moja tu. Haraka haraka haina baraka.